Orpa wa Swali la Kumi na Nne

Kila asubuhi, baada ya kufagia, Arakaza aliegemeza kitabu chake cha hesabu kwenye sufuria ya maharagwe na kuanza kazi. Mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi mjini Lilongwe ulikuwa na maswali arobaini ya dakika arobaini, na nafasi hiyo aliitaka kuliko kitu chochote. Mama yake alikuwa amezikwa hapo hapo kambini Dzaleka. Kaka yake Melchior alishapata safari ya Kanada. Nyumba ilibaki na viti viwili na mkaaji mmoja.

Watu wa kwenye maswali walianza kuja mwezi wa pili. Wa kwanza walikuwa mafundi wawili, mmoja wa kuchimba shimo kwa siku tatu, mwenzake kwa siku sita. Walipiga hodi na majembe yao, wakakaa. Arakaza alipoandika kwamba wakishirikiana watamaliza kwa siku mbili, walishukuru, wakaenda zao. Kila aliyepata jibu lake aliondoka, na kwa kuwa Arakaza alikuwa hodari mno, hakuna mgeni aliyewahi kumaliza chai.

Orpa ndiye aliyekaa. Alitoka swali la kumi na nne: ameondoka kwao akitembea kilomita nne kwa saa, na saa moja baadaye mdogo wake amemfuata kwa kilomita sita. Atamfikia baada ya muda gani? Arakaza alilijua jibu kabla hajamaliza kusoma. Akafunga kitabu.

"Ile hesabu yetu, bado?" Orpa aliuliza kila jioni, akichambua mboga.

"Iko nguvu sana, dada. Niko natafuta."

"Haya. Mi niko nangoja. Lakini petite yangu, mdogo wangu ule, iko nyuma, njo anachoka peke yake."

Waliishi hivyo miezi mitatu. Arakaza aliuonea haya uongo wake, lakini alikuwa amechoka kula bila mtu wa kumwambia chumvi imezidi.

Siku ya mtihani alipanda minibasi, kibali cha kutoka kambini kikiwa kifuani. Swali la tisa lilikuwa lile lile la Orpa. Aliliruka, akamaliza mengine yote, akalirudia zikiwa zimebaki dakika mbili. Aliandika: saa mbili. Chozi likadondokea karatasi, akalifuta kwa kiganja.

Aliporudi, sufuria ilikuwa imeoshwa na mlango umerudishwa.

"Petite yake alimukuta hapa ku barabara," alisema jirani, mama Fidès. "Balikumbatiana, bakaenda."

Majibu yalitoka baada ya wiki mbili. Arakaza alikuwa wa kwanza, arobaini kwa arobaini. Karani wa chuo alimpongeza, akamwomba namba ya kitambulisho cha uraia. Arakaza akatoa karatasi yake ya ukimbizi. Karani aliigeuza mbele na nyuma.

"Pepani," alimwomba radhi kwa upole, akamwita wa pili kwenye orodha.

Jioni hiyo Arakaza aliandika swali lake mwenyewe. Msichana aliingia kambini akiwa na miaka saba. Sasa ana ishirini na sita. Atatoka baada ya miaka mingapi?

Alipangusa kiti cha pili, akamimina chai vikombe viwili, akangoja hodi. Hakuja mtu. Chai ilipopoa ndipo alipoelewa kwamba mtu wa swali hilo alikuwa ndani tayari. Akanywa vikombe vyote viwili.