Oili Yenye Jina la Taslim

Kwa miaka minne Taslim aliuza oili ya injini yenye jina lake mwenyewe, na chini ya jina maneno "sinthetiki halisi", yaani ya daraja la juu kabisa. Madereva wa Iringa waliipenda kwa kuwa ilikuwa nafuu kuliko za makampuni makubwa. Ililetwa kutoka Mbeya na mtu aitwaye Masumbuko, ikiwa tayari ndani ya makopo. Inakotengenezwa, Taslim hakuwahi kufika.

Jumatatu moja fundi Joachim aliingia dukani na sampo ya gari, lile bakuli la chini ya injini linalokaa oili, akaiweka juu ya kaunta bila salamu. Ndani yake kulikuwa na tope jeusi, zito kama uji ulioungua.

"Hii ni ya tatu mwezi huu, dada. Injini zote zimenoki, hazizunguki tena, na zote zilikuwa na oili yako."

"Labda hawabadilishi kwa wakati."

"Huyu nilimbadilishia mwenyewe, wiki mbili zilizopita."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtia Taslim ubaridi.

Kesho yake alipanda basi la Mbeya. Masumbuko alimpokea kwa heshima, akampeleka Mbalizi, nje ya mji, nyuma ya uzio wa mabati. Hakuficha kitu. Oili chafu iliyokusanywa kwenye gereji za Ilomba ilikuwa inachemka ndani ya mapipa yaliyokatwa. Ilichujwa kwa mablanketi, ikatiwa rangi mpaka ikang'aa kama asali. Moshi wake ulimkaba Taslim kooni.

"Mwanzoni ulikuwa unaniletea nzuri," alisema.

"Mwanzoni ilitoka nje ya nchi. Ikapanda bei, wewe ukasema bei yako isiguswe." Masumbuko alitabasamu kwa upole. "Hukuuliza, mama. Nikajua tumeelewana."

Taslim alilala Mbeya bila usingizi. Asubuhi, ndani ya basi la kurudi, aliwapigia simu wateja aliokuwa na namba zao, akawaambia wasiwashe magari. Wengine walimshukuru, wengine walimtukana. Obeid, dereva wa basi dogo la Kosta, aliyechukua makopo mawili Jumamosi, hakupokea. Alimpigia tena basi lilipofika Makambako, akampigia na lilipofika Mafinga. Simu iliita tu.

Basi lilipofika Ipogolo, aliona watu wamejazana kwenye mteremko unaotoka mjini. Akashuka, akapanda kilima mbio mbio. Kosta ilikuwa imelala ubavu kwenye mtaro. Wanakwaya waliokuwa wakienda msibani Tosamaganga walikuwa wamekaa kwenye nyasi, na mama mmoja ameushika mkono wake uliovunjika. Hakuna aliyekufa.

"Injini ilikata ghafla," Obeid alisema. "Usukani ukakaza, breki ikawa ngumu. Nikaona heri mtaro kuliko kule chini. Na juzi tu nilitia oili yako."

"Ndiyo hiyo, Obeid. Ni oili yangu."

Obeid akampa kisogo.

Taslim alikwenda polisi mwenyewe, akasema yote. Askari walipofika Mbalizi, uzio ulikuwepo na ardhi ilikuwa nyeusi, lakini mapipa hayakuwepo, wala Masumbuko.

Kila asubuhi sasa, mlangoni pa duka lake husimama watu na funguo za magari mkononi. Wametoka Kilolo, wametoka Ifunda, wanauliza wafanye nini. Huwaambia waimwage oili hiyo. Halafu huyatazama magari yao barabarani, yaliyowafikisha hapo, na hathubutu kuwauliza wamepita mteremko gani.