Keria ya Bolti

Siku ile karakana ya Mihayo pale Igogo ilikuwa na keria mbili tu za kubebea baiskeli juu ya gari.

Moja ilitoka Dubai. Nyepesi, inang'aa, ina vishikizo vya kubana ukingo wa paa. Unaikaza kwa mkono, unaifungua kwa mkono. Nyingine Mihayo aliichomelea mwenyewe kwa mabomba ya chuma. Ilikuwa nzito, nyeusi, na haikai mpaka paa litobolewe, bolti zipite hadi ndani.

Gari ni Peugeot lile refu la marehemu mume wangu, Shimba. Yeye na wenzake walipopunguzwa kazini, kiwanda kikauzwa kwa mwenye pesa zake, Shimba alichukua kiinua mgongo, mimi nikatoa akiba yangu ya dagaa, tukanunua gari. Akanifundisha kuendesha njia ya Butimba, watu wakitucheka. Mungu alipomwita nikabaki na binti yetu Odeta, na gari, na kazi niliyoibuni mwenyewe: kuchukua baiskeli mpya mjini na kuziuza minadani. Nilikuwa nazilaza paani juu ya godoro kuukuu, nazifunga kwa mipira ya tyubu. Pale Usagara moja ikachomoka, ikatua katikati ya kundi la ng'ombe. Mchungaji alikimbia kuwashinda ng'ombe wake. Ndipo nikasema, sasa keria.

"Shikamoo mayu," Mihayo akanisalimu. "Ipi, mama?"

"Marahaba. Ngoja kwanza niziangalie."

Sikuwahi hata kuishika moja, nikasikia kengele ya baiskeli nyuma yangu. Luhaga, mdogo wake Shimba. Sikumwambia kama nakwenda kwa fundi. Watu wa Igogo hawana siri.

"Shemeji, chukua hii ya Dubai," akasema hata kabla ya kushuka. "Ya kisasa. Hilo lichuma ni la kubebea mbuzi."

"Baiskeli zinapinduliwa, Luhaga. Tandiko chini, magurudumu juu. Upepo unazisukuma. Hii si ya masanduku tu?"

"Inabeba chochote!"

"Mihayo, ifunge tujaribu. Luhaga, lete hiyo baiskeli yako."

Alisita, lakini vijana wa karakana walikuwa wanatazama, akaitoa. Mihayo akabana keria, akapindua baiskeli juu yake, akafunga. Nikashika gurudumu nikatikisa, si kwa nguvu, kama unavyotikisa mti wa mpera. Vishikizo vikateleza kwenye ukingo, keria yote ikaenda upande, kengele ikalia peke yake.

"Inaaga!" akasema kijana mmoja. Wakaangua kicheko.

Luhaga hakucheka. Hakuitazama hata baiskeli yake. Alikuwa anapitisha kiganja juu ya paa, pale kishikizo kilipokwaruza, taratibu, kama anayepapasa ndama mnadani. Nikamwangalia. Mume wangu alikuwa na kaka na dada, lakini huyu ndiye aliyekuja mara tatu tangu mazishi kuniuliza kama gari linawaka vizuri.

"Unaogopa nini kwenye hilo paa?" nikamuuliza.

"Mimi? Siogopi kitu. Ila gari zuri halitobolewi. Likitobolewa limekwisha."

"Limekwisha kwa nani?"

Akaondoa kiganja juu ya paa.

"Luhaga. Kwa nani?"

"Kuna mtu wa teksi," akasema, sauti imeshuka. "Anataka paa safi. Nimeshampa neno. Shemeji, mwanamke na gari wapi na wapi? Gari likiuzwa utabaki na keria yako, ndiyo maana nakwambia chukua ya kufungua."

Nilishika rozari mfukoni. Sikuomba maneno mengi. Niliomba nisitukane.

"Kwenu mali ya marehemu haiguswi mpaka ukoo ukae," nikasema. "Kikao ni Jumamosi. Wewe umeshauza?"

"Na wewe unataka kutoboa kabla ya kikao!"

"Natoboa cha kwangu. Dagaa waliolinunua niliwaanika mimi, juani, mgongo ukiuma. Wewe ulikuwa wapi?" Nikamgeukia fundi. "Mihayo mwanangu, toboa."

"Mayu, tundu la paa halizibiki tena."

"Ndiyo maana nalitaka. Weka mpira chini ya kila bolti mvua isiingie. Toboa."

Drili ikalia. Luhaga alipiga kelele kwamba ukoo utanijua Jumamosi, lakini drili ilikuwa na sauti kubwa kuliko yeye. Vumbi la rangi likanidondokea kwenye kitambaa cheusi cha msiba. Sikulipangusa.

Jumamosi sikuliacha gari nyumbani. Niliingia nalo uani kwa baba mkwe, Kiseke, baiskeli zimepinduliwa juu, magurudumu yanazunguka. Wazee walikuwa wameshakaa. Luhaga akasimama.

"Mnaona? Kaliharibu! Mteja ameona tundu, amekataa."

Baba mkwe aligeuza shingo polepole. "Mteja gani?"

Luhaga akanyoosha kidole kwenye paa.

Mzee akanyanyuka na fimbo yake, akalizunguka gari. Akaishika keria kwa mikono miwili, akaivuta. Gari zima likayumba, keria haikusogea. Nilisimama pembeni, funguo mkononi, uso nikauacha wazi. Kama angesema gari libaki hapo, ningerudia niliyomwambia Luhaga, mbele ya wazee wote, na ningeondoka naendesha.

"Mnada wa Misungwi uko lini?" akauliza.

"Jumatatu, baba."

"Una nafasi mbele?"

"Ipo."

"Basi unipitie asubuhi. Dada yangu wa Usagara mgonjwa, sijamwona tangu mavuno." Akarudi kwenye kiti chake, akakaa. "Tuendelee. Shamba la Shimba, nani analima upande wa mtoni?"

Luhaga alikuwa bado amesimama.