Utepe wa Rangi Tatu

Krr, krr. Kijiko kilikuwa kinakwangua sufuria gizani, jogoo bado hajawika. Nilijua ni Nchagwa, mwanangu wa miaka miwili, anatafuta ukoko wa ugali ambao jana haukubaki. Nikamvuta kifuani. Niliuzungushia mkono wake vidole viwili, vikakutana, vikapitana.

Siku hiyo wapimaji wa watoto walikuwa wanafika kitongojini kwetu, hapa Nyangoto. Agustina, mwenzangu wa kazi, alishanionya kule mwaloni tunakooshea mchanga wa dhahabu.

"Wana utepe wa rangi tatu, wanamfunga mtoto mkononi. Ukisoma nyekundu, mama unahojiwa. Wakijua unashika zebaki ya kukamatia dhahabu na mtoto yuko mgongoni, wanamchukua. Utabaki kumwona kwenye picha."

Mama mkwe naye alikuwa na lake. "Kwetu hata ng'ombe hawahesabiwi, sembuse watoto. Ukitaja idadi umekiita kifo. Huyo dhaifu mfiche jikoni. Mtoe dada yake, Boke, ana mashavu."

Nikatii. Nilimfungia Nchagwa kwenye kibanda cha jiko, nikamwachia sufuria na kijiko achezee asije akalia.

Mpimaji alikuwa binti aitwaye Veronika. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akamfunga Boke utepe. Kijani.

"Huyu ni simba," akasema. Boke akanguruma kidogo.

"Simba wako Robanda, wanakula mbuzi za watu," mama mkwe akajibu. "Huyu anakula ugali tu."

Veronika akacheka, akafungua karatasi yake. "Wenye umri chini ya miaka mitano wako wangapi hapa, mama?"

Mama mkwe akasema, "Unayemwona ndiye huyo."

Darasa la jioni limenifundisha kusoma, hata karatasi ikiwa imegeuziwa mwingine. Aliandika 1.

"Wenye nyekundu mnawapeleka wapi?" nikauliza.

"Zahanati, pamoja na mama zao. Wanapewa chakula cha dawa mpaka warudi kijani. Ila asiyekuwemo kwenye karatasi, dada, hatumrudii. Mchana huu tunaenda Nyamwaga."

Pamoja na mama zao. Nilitaka sana kuamini. Lakini Agustina naye aliapa. Na kama nikiitaja ile idadi, halafu mtoto asiamke kesho, nitasema nani kamuua? Mama mkwe alinikazia macho. Veronika alikuwa anafunga zipu ya begi.

Krr, krr, kutoka jikoni.

Veronika akageuza shingo. "Nini hiyo?"

"Panya," mama mkwe akasema. "Nyumba hii wamejaa."

Veronika akatupa begi begani, akavuka kizingiti, na mguu wake wa pili ulikuwa bado ndani Boke aliponishika kitenge, akamtazama Veronika.

"Nchagwa yuko jikoni," akasema.