Mkono Usiouma

Asubuhi ile sikuweza kutulia mahali pamoja. Nilifuta meza mara tatu, nikahesabu neli za kioo ambazo nilikwisha kuzihesabu, nikaenda dirishani, nikarudi. Chergui, ule upepo wa moto unaotoka bara, ulikuwa umeingia El Jadida, mji wetu wa pwani ya Moroko, tangu jana yake, na umeme wa kiwanda ulikuwa ukizimika na kuwaka ovyo. Kila ulipozimika, feni ya kabati la mvuke ilinyamaza. Kila ulipowaka, feni ilianza tena kwa kukohoa.

Kabati hilo ni sanduku kubwa la kioo. Unaingiza mikono tu, na feni iliyo juu inafyonza mvuke na kuutupa nje ya paa. Humo ndimo tunamopimia sukari iliyomo kwenye agari, ile jeli kavu tunayoitengeneza kwa mwani mwekundu. Kipimo chenyewe si kirefu. Unaweka maji kidogo ya sampuli kwenye neli, unatia fenoli, kisha unamimina asidi kali ya salfuriki. Neli inapata moto hadi haishikiki, na maji yanageuka rangi ya chungwa. Sukari ikiwa nyingi rangi inakolea, ikiwa kidogo inafifia, na mashine inaisoma. Mtu akitazama kwa mbali ataona ni mchezo wa rangi. Lakini asidi ile inatoboa suruali, na fenoli mimi naiogopa kuliko asidi.

Aliyenifundisha kuiogopa ni Lalla, yaani Bibi, Touria Bensghir, mkuu wa maabara. Mimi, Rahhal, nilikuwa mzamiaji wa mwani kwa miaka kumi na minne, mpaka sikio langu la kushoto lilipopasuka. Lilikuwa likiniuma kwa siku kadhaa, nami niliona haya kumwambia mwenye boti. Baada ya hapo kiwanda kikaniweka maabara kuosha vyombo. Lalla Touria angeweza kuniacha kwenye sinki hadi nistaafu. Badala yake alinipa daftari, akanionyesha kushika pipeti, ule mrija wa kupimia matone, akanifundisha sumu moja baada ya nyingine kama anayemtambulisha mgeni kwa majirani.

Alikuwa mkali. Aliwahi kumrudisha fundi mmoja nyumbani kwa sababu alikuja na ndala. Na jana yake tu alinifokea mbele ya wenzangu kwa kumkatiza akiwa kazini. "Rahhal," alisema, "nikiwa na pipeti mkononi sitaki kusemeshwa." Lilikuwa jambo dogo, ila nililala nalo.

Siku hiyo yeye mwenyewe hakuwa Touria tunayemjua. Binti yake, Ghizlane, alikuwa anafanya karatasi ya hesabu katika mtihani wa kumaliza sekondari. Simu haziruhusiwi maabara, kwa amri yake mwenyewe, kwa hiyo kila baada ya dakika chache alivua glavu, akatoka kwenda kwenye makabati ya nguo, akaitazama simu, akarudi na kuvaa glavu nyingine. Juu ya hayo, mkurugenzi wetu Si Abdelhadi, maana kwetu bwana huitwa Si, alikwisha kuja mara mbili kuulizia majibu. Wanunuzi kutoka nje walikuwa wanatarajiwa saa nane mchana, naye alitaka awakaribishe akiwa na namba za sukari mkononi.

Kanuni ya Lalla Touria ilikuwa imebandikwa ukutani kwa mwandiko wake: feni ikisimama, fenoli haifunguliwi. Kama saa nne hivi umeme ulirudi na feni ikaanza kuzunguka. Kwenye ukingo wa kioo tumebandika kipande cha karatasi laini. Feni ikivuta sawasawa, karatasi inalala kuelekea ndani. Siku ile ilikuwa inatikisika tu, haijui iende wapi. Nilimwonyesha kwa kidole. Aliitazama, akatazama saa, akasema inatosha.

Akavaa miwani ya kinga na glavu, akaitoa chupa ya fenoli kali, ile ambayo haijazimuliwa. Alikuwa anaimimina kwenye chombo cha kipimo taa zilipopepesa, na mkono wake ukasita. Niliona mchirizi ukiteremka ubavuni mwa chupa, ukapita juu ya vidole vyake na kuishia kwenye kifundo cha mkono, pale glavu inapokutana na koti. Au nilidhani nimeuona. Aliiweka chupa, akaifuta, akachukua pipeti. Nilifungua mdomo, nikaufunga.

Akaendelea na neli zake thelathini. Maji, fenoli, asidi. Alikuwa akienda haraka kuliko kawaida, na mara mbili nilisikia asidi ikichemka ndani ya neli kwa sauti ya mafuta yanayopokea samaki. Mimi nilisimama nyuma yake nikibadilisha mguu huu na huu. Nilijiambia kwamba kama ingemgusa angeruka. Kisha nikakumbuka alichonifundisha mwaka wangu wa kwanza, kwamba asidi ikikudondokea utajua papo hapo, lakini fenoli inakuunguza huku ikikutia ganzi. Inapenya kwenye ngozi na kuingia kwenye damu, na huku mtu anaendelea kupiga soga. Nilikumbuka hayo, na bado nikasimama. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Alipomaliza neli ya mwisho alivua glavu ili akaitazame simu, akapandisha mkono wa koti. Hapo nikaona. Kwa ndani ya kifundo kulikuwa na doa jeupe kama chaki, ngozi imejikunja kama ya mtu aliyekaa majini mchana kutwa. Mkono wa blauzi yake, chini ya koti, ulikuwa umelowa hadi karibu na kiwiko.

"Lalla Touria, mkono wako."

"Ni poda ya glavu."

"Glavu zetu hazina poda."

Akajitazama. Alinyoosha kidole ili aliguse lile doa, nami nikakidaka kidole chake kabla hakijafika. Sikuwahi kumshika mkuu wangu wa kazi, wala yeye hakutarajia.

"Haiumi," alisema.

"Ndiyo maana naogopa."

Alisema asubiriwe kidogo, rangi zitaharibika zisiposomwa kwa wakati wake. Nilimwambia neli zitakaa. Akanikumbusha kwamba yeye ndiye mkuu wa maabara. Nikamjibu kwamba najua, nikaendelea kumvuta kuelekea kwenye bomba la dharura.

Wakati huohuo Si Abdelhadi akaingia kuulizia namba zake. Nilimwambia apige simu kuita gari la wagonjwa. Aliutazama ule mkono, akauliza kama gari la wagonjwa linaitwa kwa doa la namna ile, mke wake huungua zaidi ya hapo akioka mikate. Aliyejibu ni Lalla Touria, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Fanya anavyosema, Si Abdelhadi. Ni fenoli."

Basi nikavaa glavu mbili mbili. Nilichukua mkasi, nikaukata mkono wa koti na wa blauzi kuanzia begani, nikavitupa kwenye ndoo ya taka za sumu. Kwenye kabati la huduma ya kwanza kulikuwa na chupa ya kimiminiko kizito kama asali nyepesi, cha kuondolea fenoli kwenye ngozi. Yeye ndiye aliyeiagiza, na kwa miaka miwili haikuwahi kufunguliwa. Nililowesha kitambaa, nikafuta, nikakitupa, nikachukua kingine. Yeye alikuwa ameketi sakafuni chini ya bomba, kichwa wazi, kitambaa chake cha kichwani kimeanguka, akinielekeza kama vile ninamfanyia sampuli.

"Kitambaa kipya. Usirudie hicho. Futa kwenda nje, si kwenda juu."

Baadaye nikafungua maji kwa nguvu zote, na nikayaacha yateremke. Mafundi walikuwa wamejazana mlangoni. Uso wake ukaanza kupoteza rangi, jasho likamtoka ndani ya maji baridi, akasema kichwa ni chepesi na moyo unakwenda mbio. Hapo akaacha kunielekeza. Nilipenda zaidi aliponifokea.

Gari lilifika. Nilipanda naye nikiwa nimeshika karatasi ya maelezo ya fenoli, maana alitufundisha kwamba daktari wa zamu huenda hajawahi kuiona. Hospitali wakambandika nyaya kifuani, wakatazama mapigo ya moyo yakipanda na kushuka kwenye kioo. Daktari, mwanamke kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, aliuliza sumu ilikaa kwenye ngozi kwa muda gani.

"Dakika ishirini," nikasema.

Lalla Touria akageuza kichwa kwenye mto. Alisubiri daktari aondoke.

"Ishirini umezijuaje?"

Ningeweza kusema nilikisia. "Niliona chupa ikichuruzika."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa na pipeti mkononi."

Alifumba macho. Nilitoka hadi ukumbini, nikarudi, nikatoka tena. Niliporudi mara ya pili alikuwa amefumbua macho.

"Na mimi ile karatasi ya ukingoni niliiona, Rahhal. Ulinionyesha na nikaiona."

Nilivuta kiti, nikakaa karibu na kitanda.

Jioni moyo wake ulikuwa umetulia, lakini walimlaza hadi kesho yake. Ghizlane alikuja na vidole vyenye wino, hajabadilisha hata nguo, akamgombeza mama yake jinsi mama yake anavyotugombeza sisi, neno kwa neno, na yule mama akakubali kila kitu. Kuhusu wanunuzi, Si Abdelhadi alinieleza baadaye, akiangalia pembeni, kwamba aliwapa chai na msemen, zile chapati zetu za kukunja, akawaambia namba zitakuwa tayari wiki ijayo. Hawakupinga. Hawakuwa na haraka yoyote. Umeme wa maabara ulitenganishwa na wa mitambo kabla wiki haijaisha, na feni mpya ikafungwa.

Lile doa liligeuka kahawia, ngozi ikabambuka. Vidole viwili vya mkono ule mpaka sasa havijui moto na baridi. Aliandika ripoti mwenyewe, na humo akaandika kwamba kosa la kwanza lilikuwa lake, la pili la msaidizi aliyeona na asiseme. Nilisaini. Chini yake aliongeza kanuni mpya, kwamba mtu yeyote akiona jambo aseme, hata mkuu akiwa na pipeti mkononi.

Alirudi kazini baada ya siku kumi. Aliingia, akatazama feni, akatazama karatasi ya ukingoni, kisha akaniambia nivae glavu, fenoli leo ni yangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuimimina ile chupa. Yeye alisimama pembeni, akasogea, akarudi, akakunja mikono, akaikunjua. Nilimwambia taratibu kwamba ananivuruga. Akaenda kukaa kwenye kiti cha mbali, na kwa dakika mbili akakaa kweli, kisha akasimama tena.

Neli thelathini zilinichukua hadi karibu na adhuhuri. Mbili ziliharibika, rangi yake haikufanana na ya nyingine. Akaniambia nizirudie, nikazirudia.