Uduvi Waliokubali Mara ya Kwanza

Jumatatu, baada ya chakula cha mchana, Yavar aliketi jikoni kwake mjini Urmia, miwani imemshuka hadi ncha ya pua, akipima chumvi kwa kijiko cha chai na kuitia kwenye chupa ya achari. Chupa hiyo ilikuwa ya tano. Nne zilizotangulia zilikuwa zimeshageuka makaburi, na mkewe Safura alikuwa ameziosha na kuzirudishia matango yake.

Mayai ya uduvi aliyanunua binti yao Ulduz, mfanyakazi wa duka la dawa, kutoka kwa muuza samaki wa mapambo. Yalikuja katika kipakiti chenye picha ya uduvi aliyevaa taji na maneno: “Tia maji tu, ufurahi.” Yavar alitia maji ya bomba, dawa ya kusafishia maji ikawasafisha na wao. Mara ya pili akatia chumvi ya mezani yenye madini joto. Asubuhi waliogelea, jioni wakawa mashapo. Mara ya tatu Safura, ambaye kwake mgeni kulala njaa ni aibu ya ukoo, aliwapa kijiko kizima cha hamira. Maji yakaumuka kama unga wa mkate, wakafa wameshiba. Mara ya nne waliwekwa juu ya kipasha-joto wasije wakasikia baridi. Wakaiva.

“Baba, hao ni watu wa ziwa,” Ulduz akasema. “Wape ziwa, usiwape supu.”

Basi mara hii chumvi ilikwanguliwa kule Ziwa la Urmia, la maji ya chumvi, lilipokuwa kabla halijakauka, mahali ambapo sasa watu huegesha magari, na maji yakatoka kisimani shambani kwa Yavar. Shamba lilikuwa la matufaha. Kisima kilikuwa na kina cha mita themanini, kilikuwa na pampu mpya, hakikuwa na kibali, na kama visima vya majirani kilinyonya maji yaliyokuwa ya ziwa. Asidhani mtu kwamba Yavar hakulipenda ziwa. Alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kulililia Ziwa, iliyokutana kila Jumanne, kila mjumbe akija na leso yake na matufaha ya shamba lake.

Uduvi walianguliwa kesho yake. Siku ya saba, Yavar akinywa chai na donge la sukari kati ya meno, walipanda juu ya maji wakamwamkia.

“Asalaam aleikum, Mzee Yavar.”

Yavar aliwasikiliza lafudhi, akajua papo hapo kwamba asili yao ni upande wa Tabriz, ng’ambo ya ziwa. Hata hivyo, alikuwa mtu aliyelelewa.

“Wa aleikum salaam! Karibuni, karibuni. Kanyageni hapa jichoni pangu. Nyumba ni yenu, mimi ni mtumishi tu.”

“Ahsante,” wakasema uduvi. “Tumekubali.”

Donge la sukari lilimponyoka Yavar mdomoni. Kwa miaka sitini na moja alikuwa amewagawia watu nyumba, gari na koti alilovaa, na hakuna aliyewahi kukubali. Mtu wa adabu hukataa mara ya kwanza, hukataa mara ya pili, na mara ya tatu huchukua tufaha moja na kushukuru. Hata fundi wa pampu, ukimwambia kaa ule, huapa kwa uhai wa mama yake kwamba ameshiba, huku tumbo lake likimsuta.

“Mmesemaje?”

“Tumekubali nyumba. Ila hatuna makuu, chumba chenye zulia la hariri kinatutosha.”

Hicho kilikuwa chumba cha wageni. Viti vyake vya nakshi ya dhahabu vilikuwa bado vimefunikwa nailoni ya dukani, na wenye nyumba wenyewe hawakuwahi kuvikalia. Na Ijumaa ile walikuwa wanakuja watu wa kumposa Ulduz.

“Umewapa chumba?” Safura akauliza, mikono kiunoni.

“Nimewakaribisha tu!”

“Ulisema nyumba ni yenu?”

“Mke wangu, nani asiyesema?”

“Basi umeshasema. Na Ijumaa wakwe utawakalisha wapi, bafuni?”

“Usimseme baba,” Ulduz akadakia, akijishika mbavu. “Amepata wapangaji wasioacha viatu mlangoni.”

Kufika Jumatano uduvi walikuwa wameshahamia, maji ya chumvi yamejaa hadi vifundoni chumbani mle, na hayakuvuka kizingiti hata kwa upana wa kidole. Shambani pampu iliunguruma kutwa, mabomba yakatoa vumbi. Heroe wawili, wale ndege wa waridi wa ziwani, waliingia dirishani wakasimama kwa mguu mmoja juu ya kochi. Safura aliwaomba tu wasitoboe nailoni.

Alasiri uduvi wakamwita Yavar kizingitini.

“Mzee, hatukukifuata chumba. Jamaa zetu wako kule kwenye chumvi, bado ni mayai, wanangoja maji mwaka wa kumi sasa. Wewe na wenzako fungeni visima. Mkifunga, tunahama kabla wakwe hawajapiga kengele.”

Ombi lilikuwa jepesi, na Yavar alimtaka mkwe. Alhamisi saa nne asubuhi akaiita kamati jikoni. Wajumbe sita walilia vizuri kuliko kawaida, kwa sababu safari hii walililia ziwa likiwa chumba cha pili. Kisha Yavar akasema wafunge visima.

“Naam, tufunge!” wakaitikia wote. “Anza wewe, Mzee Yavar.”

“Nianze mimi, na wewe umekaa hapo? Wewe mkubwa wangu.”

“Haiwezekani! Nikutangulie nyumbani kwako? Anza wewe, roho yangu fidia yako.”

“Wallahi sianzi mbele ya ndugu yangu.”

Hivyo hivyo mpaka adhuhuri, kila mmoja akimpisha mwenzake kama wanavyopishana mlangoni. Hakuna aliyekosa adabu kiasi cha kutangulia. Walipoondoka, matufaha yote yalikuwa yameliwa.

Ijumaa Bi Tuba, mama wa mposaji, akaja na mwanawe, maua na boksi la peremende za lozi. Alichungulia chumba cha wageni, akavua soksi, akaenda kukaa kando ya heroe, miguu majini.

“Maji yako ya chumvi yananifaa magoti, mkwe,” akasema. “Chumba kizuri.”

Yavar akafungua mdomo aseme “ni chako,” akaufunga upesi.

“Ni chetu,” wakasema uduvi. “Lakini kaa tu.”

Chai ikapita. Ukafika wakati wa kutaja mahari, na Bi Tuba akatega sikio asikie idadi ya sarafu za dhahabu. Ulduz alisema hataki dhahabu.

“Mahari yangu ni visima viwili vifungwe. Cha baba, na chenu.”

Bila visima hakuna matufaha, na bila matufaha hakuna nyumba mbili za kuoana. Safura alimtazama mumewe, Yavar akaangalia nakshi za zulia chini ya maji. Bi Tuba peke yake ndiye aliyetabasamu. Alikuwa ameozesha wana watatu, na mahari zao zote zilikuwa bado karatasini.

“Mahari tu? Mwanangu, andika! Visima viwili. Andika na cha tatu, tusionekane wachoyo. Mahari nani aliyewahi kuitoa, na nani aliyewahi kuipokea?”

Yavar akapumua. Ikaandikwa kwa wino wa buluu, Safura akapiga kigelegele, peremende zikazunguka, na mposaji akalowa machozi akilililia ziwa. Ulduz aliikunja karatasi akaitia mkobani, ingawa aliona jinsi walivyoifurahia.

Uduvi wakaja miguuni pa Bi Tuba.

“Mama, vitafungwa lini?”

Bi Tuba alimgeukia Yavar kwa huruma ya kweli.

“Maskini mkwe wangu,” akasema. “Unaishi nao vipi hawa wasio na adabu?”