Mama Bei na Riba ya Benki Kuu

Sokoni walimwita Mama Bei, na jina hakulikataa. Kila mwezi idara ya takwimu ilimtuma kuuliza bei za vitu vilevile: unga, sabuni, mkaa, mayai. Alikuwa mwaminifu hadi kero. Muuzaji akimtajia bei ya urafiki, alimkatalia papo hapo.

Mwaka ule bei zilipaa, naye akaziandika zilivyo. Siku moja Gavana wa Benki Kuu akatangaza redioni kwamba, kwa takwimu makini kutoka masokoni, riba inapandishwa ili kukata makali ya mfumuko wa bei.

"Mnasikia? Hizo takwimu ni mimi!" Mama Bei akasema. Mumewe, fundi wa madirisha ya aluminiamu, akampigia makofi.

Mikopo ikawa ghali. Waliokuwa wakijenga wakaishia kwenye linta, kuta bila paa, na nyumba iliyoishia kwenye linta haiagizi dirisha. Mwezi wa tatu karakana alimoajiriwa mumewe ikapunguza watu. Mume akarudi saa nne asubuhi, boksi la vifaa begani.

Mama mkwe hakumung'unya maneno. "Kwani ungeandika bei za mwaka jana, mkono ungekatika?"

"Mama, ningekuwa nadanganya."

"Haya, huo ukweli wako uupike, tule."

 Mume alichukua kiinua mgongo chake, kiduchu kweli, akafungua meza ya mayai sokoni.

Huko ofisini mkuu wa kitengo alikuwa anameremeta. "Bei zimetulia, mama! Sera imefanya kazi."

"Afadhali yenyewe ina kazi," Mama Bei akajibu. Mkuu akadhani ni pongezi.

Mwezi uliofuata alikuta muuza mayai wake wa siku zote amefunga biashara. Kanuni zilimtaka aulize meza ya jirani, na jirani alikuwa mumewe. Akatoa fomu, uso mkavu.

"Trei bei gani?"

"Asubuhi nilianza na ya jana, hakuna aliyegusa. Nimeteremka mara mbili. Andika hii ya sasa, hata faida haina."

Akaiandika. Kwenye fomu ilikuwa habari njema kabisa. Akafungua pochi ili anunue trei moja.

"Angalia," mume akanong'ona, "ukinunua sana, bei itapanda, Gavana atatusikia."

Wakacheka mpaka machozi. Mteja mmoja akasogea kuona kuna nini, akauliza bei, akaondoka.