Mahubiri Ndani ya Fonia ya Wavuvi

Chausiku ndiye aliyeshika fonia, ile redio ya kuitana, ya wavuvi pale mwaloni Rumonge. Upepo ukibadilika, yeye ndiye aliwaita walio ziwani, na mwenye shida majini alimwita yeye. Jumapili ile, mawingu yalipoanza kushuka kutoka upande wa Kongo, boti zote zilikuwa zimerudi isipokuwa ya kaka yake Ramazani, aliyekuwa akitoka Baraka, ng'ambo ya ziwa, na abiria watano.

"Ramazani, Ramazani, unanisikia?"

Akaachia kitufe asikilize. Akasikia kwaya na kinanda, wazi kabisa, kana kwamba kanisa limehamia ndani ya kile kisanduku.

Akageuza chaneli, akaenda kwenye ile ya akiba. Kwaya ileile. Waimbaji walipovuta pumzi, sauti ya mwanamume ikapenya: "...mota imeku..." Ngoma zikaifunika.

Jamali, fundi wa mota, aliruka kutoka mlangoni alipokuwa amesimama. "Ni Rama huyo!"

"Ni yeye. Mota imekufa, na hatujui boti iko wapi."

Kwaya ikanyamaza, mtu akaanza kuhubiri. Chausiku aliijua sauti ile. Ilikuwa ya Pasta Cubaka, mtu wa Uvira, mwenye kanisa nyuma ya soko. Akamsukumia Jamali fonia mkononi. "Andaa boti yako, na hii usiiache." Akakimbia.

Kanisani, shemasi Dismasi alikuwa amekaa nyuma kando ya mtambo mpya wa kurusha sauti. Waliununua ili wagonjwa na wazee wa Kizuka wasikie ibada kwenye redio zao nyumbani. Waya wake ulipanda hadi antena juu ya paa.

"Kaka Dismasi, zima hiyo mashini. Iko inafunika fonia ya boti."

"Haiwezekani, mama. Sisi tuko kwa redio ya kawaida, hatuko kwa chaneli yenu."

"Nimewasikia kwa masikio yangu!"

"Basi ngoja kidogo, pasta anamaliza."

Watu walianza kugeuka. Mmoja akanong'ona, "Huyu mwanamke wa Kiislamu anatafuta nini hapa?" Chausiku alitamani kung'oa waya, lakini nyaya zilikuwa nyingi na hakujua ni upi. Nje ngurumo ilipiga. Akapita katikati ya mabenchi mpaka mbele.

"Pasta, boti ya kaka yangu iko inazama. Wanaita, na sisi tunakusikia wewe tu."

Cubaka alimtazama, akashusha maikrofoni. "Dismasi, zima."

"Lakini pasta, wagonjwa..."

"Zima yote!"

Chausiku alimpigia Jamali simu. Kwa nyuma, kupitia fonia, alisikia sauti ya kaka yake ikitoka bila kukatika: "Tunaona nyumba za Minago! Maji yameingia! Kuna mtu ananisikia?"

"Tumekusikia, Rama, tunakuja!" Jamali alipiga kelele.

Alipowafikia, boti ilikuwa imeshalala ubavu na watu wameng'ang'ania bidoni tupu, yale madumu ya mawese. Aliwatoa watano, Ramazani na abiria wanne. Scovia, msichana wa Baraka aliyekuwa akija kununua ndagala, dagaa wa ziwani, alikuwa ameshachukuliwa na mawimbi.

Dismasi alikuwa mwaloni walipofika, na blanketi mikononi. Ramazani hakulipokea.

"Nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi," alisema huku meno yakigongana. "Niliomba mutu anisikie. Nyinyi mukaniimbia."

Dismasi alibaki amesimama mvuani, blanketi likilowa.

Fundi aliyeitwa kutoka Bujumbura aliufungua ule mtambo akaguna. Ulikuwa wa bei rahisi, hauna kichujio, na hakuna mtu aliyeukagua wala kuuombea ruhusa. Mawimbi yake yalimwagika kila mahali, hata pale ambapo shemasi aliapa kwamba hayafiki. Dismasi alipanda paa mwenyewe akaiteremsha antena.

Wiki iliyofuata yeye na pasta walitaka kwenda Baraka, kumwambia mama yake Scovia kwa vinywa vyao wenyewe yaliyotokea. Kila mwenye boti waliyemwomba alikataa.

Ramazani aliposikia, alimwendea Jamali. Akaazima boti yake, akawavusha mwenyewe hadi Baraka.